Kuona Mti na Kuona Huzuni

Kiswahili kina tendo moja kwa kazi ya jicho na kwa kazi ya moyo. Mtu huona mti, na mtu huona huzuni. Jambo hili lafaa kukumbukwa na kila atakaye kupima picha za mandhari za Vincent van Gogh, mchoraji wa Kiholanzi aliyezaliwa mwaka 1853 akafariki mwaka 1890. Wako wasemao kuwa aliipa dunia kisogo, akamimina juu ya turubai maradhi ya nafsi yake. Hukumu hiyo ni nyepesi, tena humdhulumu.

Mwezi wa Mei 1889 Van Gogh aliingia kwa hiari katika hospitali ya wagonjwa wa akili huko Saint-Rémy, kusini mwa Ufaransa, akakaa mwaka mmoja. Karibu na hospitali palikuwa na mashamba ya mizeituni. Aliichora miti hiyo katika picha zipatazo 15, na katika barua kwa ndugu yake Theo alieleza taabu ya kuipata rangi yake: mara fedha, mara buluu, mara kijani, juu ya ardhi ya manjano au ya waridi. Hayo si maneno ya mtu aliyefumba macho.

Mwaka huo huo rafiki zake, Paul Gauguin na Émile Bernard, walimchora Kristo katika bustani ya mizeituni. Kazi hizo hazikumpendeza. Mwezi wa Novemba alimwandikia Bernard kuwa uchungu waweza kuonyeshwa bila ya kuichora bustani ile ya Injili. Hoja yake imo katika picha ya mizeituni ya Juni 1889, iliyo katika makumbusho ya Nelson-Atkins mjini Kansas City, Marekani. Hamna mtu anayelia humo. Vigogo vyajipinda, na ardhi yaenda mawimbi chini yake, na mtazamaji hushikwa na simanzi asiyoambiwa. Mwaka 2017 makumbusho hayo yalitangaza kuwa panzi mkavu amekutwa ndani ya rangi ya picha hiyo. Panzi hathibitishi ubora wa kazi. Lakini hutukumbusha kuwa mchoraji alisimama nje, katika vumbi na upepo, mbele ya miti yenyewe.

Yaweza kupingwa kwa kutajwa picha ya Usiku wa Nyota, ya Juni 1889 pia. Kweli, aliichora ndani, mchana, akatia kijiji kisichoonekana kutoka dirisha la chumba chake. Baadaye mwenyewe aliihesabu kuwa imeshindwa, kwa nyota zilizozidi ukubwa. Dunia haikukubaliana naye, wala mhakiki halazimiki kukubali. Hata hivyo, nyota ya alfajiri ing'aayo humo haikubuniwa: alikuwa amemwandikia Theo kwamba ameiona dirishani kabla ya jua kuchomoza.

Basi hisia katika picha hizi haikuja kujaza pengo la kutotazama. Ilikuja kwa njia ya kutazama, na kwa kadiri ya kutazama. Mchoraji aliyewaza huzuni yake tu angalichora kila mti kwa namna moja. Van Gogh alirudi kwenye mizeituni ile ile mara kwa mara, kwa sababu kila siku ilikuwa na rangi nyingine.