AL-BIRUNI NA UKOMBOZI WA WAHINDU

Vijana hapa Masoko, Rungwe, huuliza: je, yoga ni mazoezi ya viungo tu? Abu Rayhan al-Biruni alikwishajibu katika karne ya 5 Hijria, alipokifasiri kwa Kiarabu kitabu cha Patanjali. Humo, kuidhibiti nafsi na pumzi ni njia tu. Kinachomfungua mtu ni elimu ya kuipambanua roho na maumbile. Shankara, mwanachuoni wao wa Vedanta, alikaza zaidi: amali husafisha moyo, lakini ukombozi huletwa na kujitambua pekee.

Hata hivyo, tafsiri hiyo ina kasoro. Neno Ishvara amelitia “Allah”, hali ya kuwa Ishvara wa Patanjali ni roho ya pekee isiyoguswa na taabu, wala si Muumba. Msomaji atadhani Mungu ni yule yule, tofauti ni ibada tu!

Pamoja na hayo, tuige uadilifu wake: alieleza madai ya watu kabla ya kuyapima. Ndivyo inavyotuamrisha Suratul Maida, aya ya 8. Kwetu, elimu na amali haziachani, na uokovu ni rehema ya Mola. Wallahu aalam.