Eosini na Jicho la Fundi wa Maabara

Tishu ya mwili ikishakatwa nyembamba ili ichunguzwe kwa hadubini huwa karibu haina rangi, na mtaalamu hawezi kuisoma mpaka itiwe rangi. Eosini, rangi nyekundu ambayo Heinrich Caro wa kiwanda cha BASF nchini Ujerumani aliitengeneza katika miaka ya 1870 kwa kuitia bromini floresini ya Adolf von Baeyer, ilitumika kwenye hariri kabla ya kuingia maabara, ambako hadi leo hufanya kazi sanjari na hematoksilini, itokanayo na mti wa Amerika ya Kati. Hematoksilini huvipa viini vya seli rangi ya buluu. Eosini, ambayo molekuli zake zina chaji hasi, hushikamana na protini zenye chaji chanya na kuupa waridi ute unaozunguka kiini, yaani saitoplazimu, pamoja na misuli na nyuzi za kolajeni.

Kuitia eosini si kazi ngumu, kwani asidi kidogo ya asetiki huifanya ishike barabara. Kazi yenyewe ni kuiondoa iliyozidi. Fundi huisuuza slaidi, yaani kioo chembamba kilichobeba tishu, katika alkoholi, akijua kwamba alkoholi yenye maji huichomoa rangi upesi ilhali alkoholi tupu huichomoa polepole, naye hutazama mpaka wekundu ugawanyike katika daraja tatu: chembe nyekundu za damu zimekoza, misuli inafuata, kolajeni ni waridi hafifu. Akichelewa, tishu hupauka. Akiharakisha, vyote huwa rangi moja, na daktari wa patholojia, anayetambua ugonjwa kwa kusoma tishu, hukosa alama anazozitafuta. Hata mashine za kutia rangi hupangwa na mtu aliyejifunza kutazama hivyo.

Afrika Mashariki nayo imefaidika na eosini kwa njia nyingine, kwa kuwa Gustav Giemsa, aliyekuwa mfamasia katika Afrika Mashariki ya Kijerumani kati ya 1895 na 1898, baadaye aliichanganya na rangi za buluu, akapata mchanganyiko uitwao kwa jina lake, ambao huvionyesha vijidudu vya malaria ndani ya damu.

Majibu ya patholojia hutiwa saini na daktari, na hiyo ni haki yake. Lakini uamuzi wake husimama juu ya wekundu uliopimwa na fundi, ambaye sifa anazopewa ni chache mno kuliko anazostahili.