Kijasho Chembamba

Sisi Waswahili tulijua zamani kwamba hofu huonekana kwenye ngozi. Si ndiyo maana twasema fulani alitokwa na kijasho chembamba? Basi msanii mmoja, Christian Nold, alikichukua kijasho hicho akakichorea ramani.

Kazi hiyo, Bio Mapping, aliianza mwaka 2004. Mtu hufungwa vidoleni kifaa kinachopima jinsi ngozi inavyopitisha umeme, maana ngozi yenye jasho huupitisha zaidi. Mawimbi ya setilaiti yanaonyesha yuko wapi. Kisha anaambiwa, haya, katembee mtaani kwako. Ndivyo ilivyopatikana ramani ya mihemko ya Greenwich, London, na ile ya San Francisco ya mwaka 2007.

Niliposikia habari hizi mara ya kwanza nilinyong'onyea. Kama mashine inasoma moyo wa mtaa mzima, sisi tunaohangaika na riwaya tutakula wapi?

Lakini nilipochunguza niliona ufa. Mashine inajua mwili umeshtuka; haijui umeshtushwa na nini. Aliyekoswakoswa na gari na aliyekutana ghafla na mchumba wake, alama yao ni moja. Siri ya mtungi aijuaye kata. Na Nold hilo hakulificha: watu waliporudi aliwaonyesha njia walizopita, waeleze wenyewe yaliyowakuta. Ubora wa kazi ile naona uko hapo kwenye kusimuliana, wala si kwenye waya za vidoleni.

Hata hivyo kasoro ipo. Sentensi moja kando ya nukta haitoshi. Tena yako majonzi yasiyotoa jasho. Mzee anayepita kila siku penye kiwanja alichobomolewa nyumba, ngozi yake imeshazoea, ati ramani itasema hana neno!

Nasi chipukizi tusicheke. Mara ngapi tunaandika "moyo ulimdunda, kijasho kikamtoka," tukadhani tumemaliza? Huo nao ni upimaji wa mashine tu. Juzi nilifungua daftari la riwaya yangu nikahesabu: sura ya kwanza peke yake, mioyo imedunda mara 7. Nimeikata yote. Sasa imenibakia kazi ileile ya yule aliyerudi matembezini, ya kueleza kwa nini.