Tanuru la Alunguli na safari katikati yake

Mtu na mkewe, jirani zangu hapa Alunguli mjini Kindu, walimaliza kiangazi kilichopita wakiwa na matofali ya chumba na jiko, wakiwa wamekwenda Kalima na kurudi, na wamepanda vilima vya huko hadi wakachoka. Mtaani watu wakasema wana pesa. Hawana. Walipanga kazi vizuri, na mpango huo unastahili kuchambuliwa.

Kiangazi cha Kindu ni kifupi: Juni, Julai, Agosti. Ikweta iko karibu, kwa hiyo hata miezi hiyo haikosi mvua ya ghafla, na tofali bichi likinyeshewa hurudi kuwa tope. Ndiyo maana wengi wetu hukaa tunalinda matofali msimu mzima, tukilalamika kwamba kazi hii ni kungoja tu: kungoja yakauke, kungoja yapoe. Hawa wawili waliingiza safari zao ndani ya kungoja huko.

Katikati ya Juni walianza kuchimba kichuguu nyuma ya nyumba. Udongo wa kichuguu hushikana sana, lakini ukiutumia peke yake tofali linapasuka, kwa sababu mfinyanzi husinyaa maji yanapotoka. Mama ndiye aliyekadiria mchanga. Alifinyanga vidonge, kila kimoja na kipimo chake, akaviacha kivulini. Kilichokauka bila ufa ndicho alichokifuata. Mchanga haukuwa taabu, maana mto Lualaba ukipungua hujifunua wenyewe. Baba alikanyaga udongo na kufyatua. Matofali yalilazwa kwanza, kisha yakasimamishwa kwa ubavu na kufunikwa nyasi. Jua kali hapo ni adui: ngozi ya nje ikikauka kabla ya moyo, ufa huingia.

Kukauka huko huchukua kama majuma mawili. Shule zilipofungwa mwanzoni mwa Julai, watoto wakubwa na bibi yao wakaachiwa ulinzi na turubai, wao wakapanda pikipiki.

Kalima iko kilomita kama 100 mashariki, ng'ambo yetu hii hii ya mto. Kindu haina daraja. Mtu wa Kasuku au Mikelenge, upande wa pili, huvuka kwanza kwa mtumbwi ndipo aanze safari, sisi tunatoka mlangoni. Walibeba tyubu, pampu, kamba na mafuta ya akiba. Kalima ni mji wa bati: Symétain, kampuni iliyoanzishwa 1932, ndiyo iliyoujenga, na mwaka 1976 ikaunganishwa na nyingine kuwa Sominki. Leo vilima vinachimbwa kwa beleshi na wachimbaji wadogo. Hapo waliiacha pikipiki kwa ndugu wakapanda kwa miguu. Barabara ingekuwa kavu zaidi Agosti, ni kweli, lakini wangeipoteza nafasi ya tanuru, na tanuru halina msamaha.

Waliporudi walipanga matofali wakiacha mahandaki ya kuni chini, wakayakandika nje kwa tope. Hapa ndipo wenye haraka huharibu kila kitu. Tofali linaloonekana kavu bado lina maji ndani. Ukiwasha moto mkubwa mara moja, mvuke unalipasua. Moto wa kwanza ulikuwa mdogo, na haukuongezwa hadi mvuke mweupe ulipokoma juu ya tanuru. Kisha wakachochea usiku na mchana, kwa zamu. Joto likipita nyuzi 600 hivi za Selsiasi, udongo hubadilika kabisa na hauwezi tena kuyeyuka majini. Mwishoni waliziba midomo ya mahandaki, tanuru likaachwa lipoe lenyewe karibu juma zima. Ukilifungua mapema, hewa baridi inayapasua matofali.

Juma hilo nalo halikulala bure. Walivuka mto kwenda upande wa stesheni kununua saruji, ambayo hufika ghali na hupanda tena bei kwa kuvushwa mto. Wakanunua kidogo tu, ya msingi na sakafu. Kuta zitaunganishwa kwa udongo.

Kasoro ipo. Matofali ya safu ya nje yalitoka mepesi, yenye rangi hafifu, na ukigonga mawili hayalii. Hayo yamewekwa kando kwa kuta za ndani. Na kuni zilikwenda nyingi mno. Tanuru dogo lina ngozi kubwa ukilinganisha na tumbo lake, joto linapotea pande zote, na safu hiyo mbovu ya nje inakula sehemu kubwa ya matofali. Tanuru moja la nyumba tatu lingetumia kuni chache kwa kila tofali, na zamu za usiku zingegawanywa kwa watu sita. Basi, majirani wa Alunguli mnaotaka kujenga, tukutane kabla ya Juni tukubaliane tanuru liwekwe kwenye parseli ya nani.