Samaki Huchaguliwa Nchi Kavu

Mvuvi wa Sori akikutana na mwenzake wa Mbita, mazungumzo ya kazi hayachelewi kufika kwenye kipimo: "Siku hizi unatega inchi ngapi?" Jibu la tarakimu moja linatosha. Litamwambia mwenzake ni samaki gani anayefuatwa, wavu unashushwa karibu na matete au mbali kwenye maji marefu, na kama mwenye wavu ana sababu ya kuikimbia boti ya maafisa wa uvuvi.

Wageni wanaofika fukwe za Ziwa Viktoria huko Homa Bay na Migori hupenda kumwona mvuvi akirudi alfajiri, mashua imejaa na wachuuzi wanaingia majini kumlaki. Kwangu mimi, ufundi wenyewe uko saa nyingine, zile za mchana mkavu, anapoketi chini ya mti na sindano ya nyavu mkononi, uzi ameubana kwa kidole gumba cha mguu. Hapo ndipo anapoamua ni samaki gani atamchukua na yupi atamwacha aende zake. Mtumbwi ukishaondoka, sehemu kubwa ya uamuzi huo haibadiliki tena.

Tuchukue jicho la inchi tano, kipimo ambacho sheria ya Kenya imekiweka kuwa cha chini kabisa kwa nyavu za kutega ngege (perege) na mbuta. Jicho hupimwa likiwa limevutwa, kutoka fundo hadi fundo linaloelekeana nalo. Lina pande nne, kila upande inchi mbili na nusu, kwa hiyo mzunguko wake ni inchi kumi, kama sentimita 25. Ngege ambaye kichwa chake kinapenya mzunguko huo lakini kiwiliwili kinauzidi hunasa nyuma ya matamvua. Akisonga mbele anabanwa, akirudi nyuma uzi unaingia chini ya kifuniko cha shavu. Aliye mdogo hupita mzima mzima. Aliye mkubwa mno hugonga mdomo na kugeuka. Yote haya hufanyika gizani, mwenye wavu akiwa amelala nyumbani kwake.

Kipimo hicho kina historia. Nyavu za kutega za kitani ziliingizwa katika Ghuba ya Winam mwaka 1905, na kwa muda mfupi zikaonyesha kwamba hata ziwa pana kiasi hiki lina mwisho wake: idadi ya ngege kwa kila wavu ikaanza kushuka. Mtaalamu Michael Graham alipofanya uchunguzi wa uvuvi wa ziwa mwaka 1927 na 1928, alipendekeza macho yasipungue inchi tano. Ngege wa asili aliyekusudiwa kulindwa karibu ametoweka katika ziwa kuu, na ngege anayeuzwa leo Kendu Bay ni wa aina iliyopandikizwa katika miaka ya 1950. Samaki amebadilika, inchi tano zimebaki.

Lakini jicho peke yake halifanyi wavu. Nyavu zikinunuliwa dukani huwa ni kitambaa tu cha nailoni, na bado kinahitaji kuungwa kwenye kamba. Fundi hutwaa, tuseme, mita 100 za kitambaa kilichonyoshwa na kukiunga kwenye kamba ya mita 50, akihesabu macho kati ya fundo na fundo. Nusu ile inayolegezwa ndiyo inayoyafanya macho yafunguke yakiwa majini, yakasimama kama kishada. Ukikaza zaidi ya hapo, macho hubonyea na samaki hudunda. Ukilegeza kupita kiasi, wavu huwa fujo: unanasa kila kitu, wadogo kwa wakubwa, na kesho yake unakaa siku nzima kuwachomoa. Kamba ya juu huwekewa maboya, mara nyingi vipande vilivyokatwa kutoka ndara kuukuu. Ya chini huwekewa uzito. Anayetaka wavu uelee huongeza maboya, anayetaka ukae chini hupunguza. Katika ghuba, ambako maji ni mafupi na yenye tope, hesabu hiyo ni tofauti na ya Mfangano au Muhuru Bay, ambako ziwa limefunguka na mawimbi hayana mzaha.

Kwa mbuta, fundi hubadilisha fikira. Samaki huyu, ambaye watu wa Tanzania humwita sangara, aliingizwa ziwani miaka ya 1950 na mwanzoni mwa 1960, na anaweza kupita kilo 100. Taya zake na miiba yake hujisokota katika nyuzi, hivyo hesabu ya mzunguko haimbani kama inavyombana ngege. Wengi humtega kwa inchi sita, saba au zaidi, kwa uzi mnene. Wengine humwendea kwa kamba ndefu yenye ndoana nyingi, na hapo somo ni jingine: namba ya ndoana ikipanda, ndoana inapungua ukubwa. Ndoana ndogo huvuta mbuta wachanga, na kanuni za ziwa zinataka achukuliwe mwenye sentimita 50 hadi 85 tu, ili wachanga wakue na majike makubwa yabaki kutaga.

Chambo kinachosifika kwa mbuta ni mumi (kambare) mdogo, tena aliye hai. Mtazame mvuvi akimtunga: ndoana hupita chini ya ngozi ya mgongo, juu ya uti, isiguse matumbo wala kichwa. Akikosea kidogo samaki hufa, na mbuta ni mwindaji, huvutiwa na kinachocheza. Mumi amechaguliwa kwa sababu ana roho ngumu. Anaweza kupumua hewa, hukaa ndooni safari nzima bila kufa, na akishatungwa huendelea kupiga mkia saa nyingi. Mahitaji hayo yamezaa kazi nyingine nchi kavu, ya wafugaji wanaokuza vifaranga vya mumi kwenye vidimbwi kwa ajili ya ndoana.

Ngege hatishiki wala havutiki kwa mumi. Chakula chake kikuu ni mwani, mdomo wake mdogo, na anayemvua kwa mshipi wa mkono hutumia ndoana ndogo na kipande cha nyungunyungu. Jike lake hubeba mayai na watoto mdomoni. Ndiyo maana mvuvi mwenye akili huyapisha maji mafupi ya kando wakati wa kuzaliana: wavu uliowekwa hapo huchukua mama pamoja na kizazi chake.

Kisha kuna omena, dagaa wa ziwani. Mchana huzama chini, usiku hupanda juu, na mwanga humkusanya. Basi zana ya kwanza ya omena ni taa: zamani karabai ya mafuta ya taa juu ya chelezo, sasa nyingi ni za betri na sola. Zana ya pili ni giza lenyewe. Mbalamwezi ikiwa kali, taa haina mvuto, na watu wa omena hupumzika au kushona nyavu. Wavu wake unatakiwa uwe na jicho la milimita 10. Kulipunguza kwa milimita tano kwaonekana upuuzi, lakini omena mzima hupita kwa shida sentimita tisa, na jicho la milimita tano huzoa hata wale ambao hawajawahi kutaga. Kila mwaka, kuanzia tarehe 1 Aprili hadi 31 Julai, uvuvi wake hufungwa.

Kamongo humlazimu mvuvi kurudi kwenye elimu ya kale zaidi. Samaki huyu hupumua kwa mapafu, hivyo lazima apande juu kuvuta hewa, na mvuvi mzoefu wa kwenye mafunjo husoma viputo kabla ya kutega ndoana. Meno yake husaga konokono pamoja na magamba yake. Uzi mwembamba haumwezi. Gugumaji lilipotanda ghubani na kuzifunga njia za nyavu, yeye na mumi walinufaika, na wenye ndoana nzito walikula wakati wenye nyavu wakilalamika.

Elimu hii ina mpinzani mmoja, naye ni urahisi. Wavu wa uzi mmoja wa plastiki, unaong'aa hata usionekane majini, umepigwa marufuku, lakini ni wa bei nafuu na hunasa mara moja. Ukikatika hauna maana kuushona. Hutupwa, na vipande vyake huendelea kuua samaki ambao hakuna atakayewavuta. Kokoro la ufukweni nalo, lililopigwa marufuku tangu 2001, halihitaji mtu ajue mzunguko wa ngege wala tabia ya mbuta. Linahitaji mikono mingi tu.

Samaki aitwaye ningu, wa Mto Kuja na Mto Migori, ni ushahidi wa kinachotokea elimu hii ikipuuzwa. Kila mvua iliponyesha, alipanda mtoni kutaga, na watu walimjua kwa majira yake. Nyavu zikapangwa midomoni mwa mito, zikamkamata akiwa njiani, na uvuvi wake ukaporomoka ndani ya kizazi kimoja.

Kamati za fukwe, BMU, zina rula na zina mamlaka ya kukagua nyavu. Rula husema jicho ni dogo, na faini hufuata. Haisemi kwa nini inchi tano, wala haimfundishi kijana kulegeza kitambaa kwa nusu. Hilo linajulikana na wazee wa sindano, nao wanapaswa kulipwa kufundisha, kama vile serikali za kaunti zinavyolipa doria. Wavu mbaya ukichomwa, mwingine hununuliwa wiki hiyohiyo. Kijana akijua kuunga wavu mzuri, huyo hahitaji kufuatwa usiku na boti.