Chimbuko la Riwaya ya Peponi

Watungaji wengi wa riwaya za historia huanza na tarehe, kisha hutafuta watu wa kuijaza. Abdulrazak Gurnah alishika njia nyingine, na matunda yake ni Paradise, riwaya iliyotoka kwa Kiingereza mwaka 1994, ikafasiriwa na Ida Hadjivayanis mwaka 2022 kwa jina la Peponi.

Gurnah, mzaliwa wa Unguja wa mwaka 1948, ameeleza mwenyewe asili ya kitabu hicho. Mwaka 1984 alirejea kwao baada ya miaka mingi ya ugeni Uingereza. Akamwona baba yake, aliyekwisha kuwa mzee, akienda msikitini. Akatambua kuwa mzee yule alikuwa mtoto wakati Wazungu walipokuwa wakiimarisha utawala wao pwani. Je, mtoto aliionaje dunia iliyokuwa ikigeuka mbele ya macho yake? Swali hilo ndilo mbegu. Yusuf, mtoto aliyewekwa rehani kwa deni la baba yake, ndiye mche uliochipuka.

Mbegu nayo yataka udongo. Udongo huo ulikuwamo katika Safari za Wasuaheli, mkusanyo uliotolewa na Mdachi Carl Velten mwaka 1901. Humo Selemani bin Mwenye Chande asimulia safari yake ya bara, na Selim bin Abakari asimulia Urusi na Siberia. Wahakiki wamekwisha onyesha jinsi masimulizi hayo yalivyoingia katika riwaya, katika msafara wa Bwana Aziz na hata katika hadithi ya safari ya Urusi.

Atakayeuita ukopaji huo wizi atahukumu kwa haraka. Wasimulizi wa Velten ni watu wazima, nao waliandika kwa kutakiwa na Mdachi. Sauti ya mtoto wa rehani haisikiki humo. Gurnah amempa Yusuf macho ya kuona na hofu ya kuficha. Amewaweka kando yake Khalil na Amina, nao wamefungwa na deni vilevile. Na juu ya wote ametandaza kivuli cha kisa cha Nabii Yusuf. Thamani ya riwaya imo katika nyongeza hiyo.

Hata hivyo, lipo la kusikitisha. Maandishi ya Kiswahili yalizaa riwaya ya Kiingereza, na miaka 28 ikapita kabla haijarejea katika lugha yake ya asili. Si kwamba watungaji wa Kiswahili hawawezi: Adam Shafi, katika Kuli ya mwaka 1979, aliugeuza mgomo wa makuli wa Unguja wa mwaka 1948 kuwa kisa chenye uhai. Lakini masimulizi ya misafara hayajapata mtungaji wa namna hiyo. Atakayeyaendea na ayaendee akiwa na swali lake mwenyewe, na aghalabu swali hilo hupatikana kwa kumtazama mzee mmoja na kukumbuka kuwa naye alikuwa mtoto.