Ala za Kale na Masikio Mapya

Watu wengi husifu muziki wa kale upigwao kwa ala za zama zake, kana kwamba ala peke yake zaweza kumfufua mtunzi. Sifa hiyo imepita kiasi, na kundi la Concentus Musicus la Vienna lastahili iliyo ya kweli zaidi.

Nikolaus Harnoncourt, mpigaji wa sello, ile fidla kubwa, alilianzisha mwaka 1953 pamoja na mkewe Alice, mpigaji wa fidla. Walijizoeza miaka 4 kabla ya kupiga mbele ya watu, 1957. Nyuzi za fidla zao zilikuwa za utumbo. Tarumbeta na pembe zilikosa vali, hata kila sauti ilitegemea midomo ya mpigaji. Uzi wa utumbo haukubali kulazimishwa: ukigandamizwa mno kwa upinde hukwaruza. Kwa hiyo mpigaji hana budi kuuacha mlio uzaliwe na kufifia, kisha aanze mwingine, mfano wa msemaji atengaye maneno yake. Hapo ndipo Harnoncourt alipoushika usemi uliomo katika muziki wa J. S. Bach (1685–1750). Ala ilikuwa mwalimu wake.

Tangu 1971 yeye na Gustav Leonhardt wa Uholanzi, kila mmoja na kundi lake, walizitia kantata za kanisa za Bach katika santuri, karibu 200, kwa muda wa karibu miaka 20. Sauti za juu waliimba wavulana, kama ilivyokuwa Leipzig. Lakini siku za Bach mvulana aliweza kubaki na sauti nyororo hata umri wa miaka 16 au 17. Wa leo hubaleghe mapema. Basi waimbaji hao walikuwa watoto hasa, na mara nyingi pumzi na ufahamu wao haukutosha. Fidla yaweza kuchongwa upya. Koo la kijana yule haliwezi. (Nasi tusomao tenzi katika miswada ya herufi za Kiarabu twalijua jambo hili: hati ipo, sauti ya aliyeighani haipo.)

Richard Taruskin alidai katika miaka ya 1980 kwamba kiitwacho cha kale ni ladha ya karne ya 20. Nakubali nusu yake: wepesi na ukavu wa makundi mengi yaliyofuata ni wa zama zetu. Walakini katika santuri za mwanzo za Harnoncourt pembe huteleza penye ugumu, na hatari ile yasikika. Za wengine, zilizokuja baadaye, ni safi zaidi, nami huzirudia mara chache.